Usiondoke Dirishani Bila Risiti

Saa mbili asubuhi mhasibu alinipigia simu. "Kaka, habari za asubuhi. Malipo ya jana usiku siyaoni hata moja, na wazazi wameshajaa hapa ofisini." Kampuni ndogo niliyokuwa nikiifanyia kazi ilikuwa inapokea ada za shule kwa njia ya simu. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimeweka kwenye seva skripti ya Python ya mistari isiyozidi arobaini: inasoma malipo mapya kutoka kwenye kanzidata, inayatuma kwenye Kafka, kisha inayawekea alama kwamba yameshatumwa. Upande wa pili kulikuwa na programu nyingine inayongoja kuyasoma, kurekebisha salio la mwanafunzi na kumtumia mzazi SMS.

Nikafungua seva. Cron ilikuwa imeiendesha skripti kila baada ya dakika tano usiku kucha, na kila mara ilimaliza salama, bila kosa lolote. Malipo 412 yalikuwa na alama ya "imetumwa". Kwenye Kafka hapakuwa na ujumbe hata mmoja wa usiku ule.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba mistari ileile nilikuwa nimeijaribu kwa mkono kabla sijaenda nyumbani. Niliiandika mmoja mmoja kwenye dirisha la Python, na ujumbe ukafika nikauona kwa macho yangu. Ilinichukua nusu siku kuelewa kwamba tofauti ilikuwa mimi mwenyewe. Jioni ile, baada ya kuandika mstari wa kutuma, nilikaa nikiangalia skrini, na Python ikabaki hai kwa sekunde kadhaa. Usiku hapakuwa na wa kukaa. Skripti ilifika mstari wa mwisho ikafa, na ilipokufa ilikwenda na jumbe zake.

Hapo ndipo penye jambo. Katika maktaba ya confluent-kafka, ambayo ndiyo ninayoitumia katika makala haya, ukiita produce hakuna kinachotoka kwenye mashine yako wakati ule. Ujumbe unawekwa kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya programu yako. Nyuma ya pazia kuna uzi mwingine unaofanya kazi peke yake: unatafuta seva, unauliza mada (topic) ipo wapi, unasubiri milisekunde chache ili jumbe zijikusanye, kisha unazipakia kwa mkupuo mmoja na kuzisafirisha. Yeyote aliyewahi kutuma mzigo kwa basi kutoka Dar kwenda Mbeya anaujua mpango huu. Wakala anaupokea dirishani, anaandika jina na namba ya simu, halafu mzigo unakaa pembeni na maboksi mengine mpaka basi lije. Mzigo ukishapita dirishani haina maana kwamba umeondoka mjini. Mimi nilikuwa nimefunga ofisi ya wakala kabla basi halijaingia stendi.

Na maktaba haikunyamaza. Maktaba ya C iliyo chini yake, librdkafka, huandika onyo inapozimwa huku bado ina jumbe tumboni. Hutaja hata idadi yake na kukukumbusha uite flush. Lakini mstari wetu wa cron uliishia na > /dev/null 2>&1, kwa hiyo kila onyo la usiku ule lilitupwa. Ushauri wa kwanza, kabla hata ya Kafka: ondoa maneno hayo kwenye cron yako leo. Elekeza matokeo ya skripti kwenye faili ambalo mtu fulani, mwenye jina na zamu, atalisoma.

Fedha za wazazi hazikupotea, maana zilikuwa zimeandikwa kwenye kanzidata kabla ya yote. Tulifuta alama za uongo, tukatuma upya. Kuanzia siku hiyo nimeshika kanuni moja: ujumbe haujatumwa mpaka seva za Kafka zikupe risiti. Kazi ya anayeandika skripti ni kuingoja risiti hiyo, kuisoma, na kuwa ameshaamua atafanya nini ikija mbaya au isipokuja kabisa. Yote yafuatayo yanatoka hapo.

Kwa asiyeifahamu Kafka, nitasema machache. Ilitengenezwa katika kampuni ya LinkedIn na Jay Kreps, Neha Narkhede na Jun Rao, ikatolewa bure kwa umma mwaka 2011, na sasa inatunzwa na Apache. Kreps aliipa jina la mwandishi Franz Kafka kwa kuwa ni mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya kuandika, na jina linaifaa. Watu huiita foleni, ila tabia yake ni ya daftari. Kila ujumbe huongezwa mwishoni mwa ukurasa, hupewa namba yake, na haufutwi kwa sababu tu mtu ameshausoma. Usipobadilisha mipangilio, unakaa siku 7. Wasomaji wanaweza kuwa wengi, kila mmoja na alama yake ya alipofikia: programu ya SMS ipo mbele, ya ripoti ipo nyuma, na hakuna anayemzuia mwenzake. Daftari la mada moja hugawanywa katika partisheni kadhaa zinazokaa kwenye seva tofauti, na kila partisheni huwa na nakala kwenye seva nyingine ili moja ikizimika kazi iendelee.

Kama una skripti moja, msomaji mmoja na jumbe mia chache kwa siku, huihitaji. Jedwali kwenye PostgreSQL lenye safu ya "bado" na "tayari" litakufaa kwa miaka, na utalala usingizi. RabbitMQ nayo ni nyepesi zaidi kwa kazi za kugawa na kumaliza. Kafka inaanza kulipa gharama yake pale tukio moja linapohitajiwa na programu nyingi, au unapotaka kurudi nyuma kusoma upya ya juzi. Nimeona timu ya watu watatu ikibeba seva tatu za Kafka kwa kazi ambayo jedwali lingeimaliza, na muda wao wote ukaishia kuzihudumia seva.

Tuje kwenye skripti. Hii ndiyo sura ninayoipendekeza, na nitaeleza kila kipande (malipo_mapya na weka_alama ni funksheni za kwako, za kusoma na kuandika kanzidata):

```
import sys
from functools import partial
from confluent_kafka import Producer

mtumaji = Producer({
    "bootstrap.servers": "10.0.0.5:9092,10.0.0.6:9092",
    "acks": "all",
    "enable.idempotence": True,
})

yaliyofika, yaliyokwama = [], []

def risiti(malipo_id, kosa, ujumbe):
    if kosa is None:
        yaliyofika.append(malipo_id)
    else:
        yaliyokwama.append((malipo_id, str(kosa)))

for m in malipo_mapya():
    mtumaji.produce("malipo", key=m.akaunti, value=m.json(),
                    on_delivery=partial(risiti, m.id))
    mtumaji.poll(0)

zilizobaki = mtumaji.flush(30)
weka_alama(yaliyofika)
if yaliyokwama or zilizobaki:
    sys.exit(1)
```

Anzia chini. Mstari wa flush ndio uliokosekana usiku ule. Unaisimamisha skripti mpaka bafa iishe au sekunde 30 zipite, kisha unakurudishia idadi ya jumbe ambazo bado zimebaki. Wengi huiita flush na kuipuuza namba hiyo. Isome. Ikiwa si sifuri, skripti imalize kwa kosa ili systemd au chochote kinachosoma matokeo yake kijue kwamba kazi haikukamilika.

Ukishaipenda flush, usiiweke ndani ya mzunguko. Kila ukiiita baada ya ujumbe mmoja, unalilazimisha basi liondoke na boksi moja. Tuseme safari ya kwenda na kurudi hadi seva iliyoko Ulaya inachukua sehemu ya tano ya sekunde: jumbe 10,000 zitakula sekunde 2,000, zaidi ya nusu saa, wakati kwa mikupuo zingekwisha ndani ya muda mfupi sana. Flush moja mwishoni inatosha. Kama kazi ni kubwa mno, moja kwa kila elfu kadhaa.

Funksheni ya risiti huitwa mara moja kwa kila ujumbe, ikieleza kama umefika au umeshindikana. Haijiiti yenyewe. Inangoja wewe uite poll au flush, ndiyo maana kuna poll(0) ndani ya mzunguko. Ukiiacha, risiti zinarundikana mlangoni bila kusomwa, na kwa kuwa ujumbe ambao risiti yake haijasomwa bado unahesabiwa kwenye bafa, utafika ukomo, ambao kwa kawaida ni jumbe 100,000, kisha produce itakurushia BufferError hata kama jumbe zenyewe zilishafika salama. Ukikutana na kosa hilo, usiutupe ujumbe uliokuwa mkononi. Ita poll kwa sekunde moja hivi, bafa ipungue, kisha jaribu tena ujumbe uleule.

Partial pale inaziba mtego wa Python ambao umewanasa watu wazoefu. Ukiandika lambda ndani ya mzunguko ikitaja m.id, lambda zote zitakuja kuisoma m ile ya mwisho, kwa sababu zinaitwa baadaye, mzunguko ukiwa umeshasonga. Utajikuta umeweka alama ya "imetumwa" kwa malipo moja mara mia nne, na mengine yamebaki wazi. Partial inaikamata namba pale pale.

Wanaotumia kafka-python wana njia tofauti kidogo: send inarudisha ahadi, na ukiita get yenye muda wa kusubiri, unapata risiti au kosa. Kanuni ni ileile, na flush mwishoni ni ileile.

Sasa, risiti inasema nini hasa? Hilo linaamuliwa na acks. Ikiwa 0, husubiri chochote. Unaacha mzigo barabarani na kuondoka. Ikiwa 1, seva kuu ya partisheni ile imeuandika, na ikizimika kabla wenzake hawajanakili, umepotea ukiwa na risiti mkononi. Ikiwa all, nakala zote zilizo sawa na kiongozi zimeupokea. Maktaba hazikubaliani kuhusu chaguo la kuanzia: Java ilihamia all kwenye matoleo ya 3, confluent-kafka nayo huanza na all, ilhali kafka-python kwa miaka mingi ilianza na 1. Kwa hiyo iandike waziwazi, usiiachie bahati.

Hata all ina ufa. Inasema "zote zilizo sawa", na kama seva mbili kati ya tatu zimebaki nyuma, zote ni moja. Mwombe anayesimamia Kafka yenu aweke nakala tatu kwa kila mada yenye fedha, na min.insync.replicas iwe 2, maana isipoguswa huwa 1. Hapo seva moja ikizimika mnaendelea kama kawaida. Zikizimika mbili, Kafka inakataa kuandika na skripti yako inapata kosa. Watu hulalamikia kukataliwa huko. Mimi nakutaka, kwa kuwa kosa linaloonekana saa sita usiku ni jepesi kuliko salio lililokosewa likagunduliwa mwisho wa mwezi.

Kuna balaa la upande wa pili: ujumbe kufika mara mbili. Seva imeandika, risiti ikapotea njiani mtandao ulipokatika, maktaba ikadhani umeshindikana ikatuma tena. Kwa hilo washa enable.idempotence, kwenye confluent-kafka unaiwasha mwenyewe. Kila mtumaji hupewa utambulisho, kila ujumbe hupewa namba ya mfuatano, na seva ikiona namba ileile inaiacha. Lakini kinga hiyo inaishi na kufa pamoja na mchakato wa skripti. Skripti ikianguka na kuwashwa upya, inapewa utambulisho mpya, na malipo ambayo risiti yake haikusomwa yatatumwa tena kama mageni kabisa.

Kwa hiyo ndani ya kila ujumbe weka namba ambayo haitegemei Kafka. Kwenye malipo ya simu tumebahatika: kila muamala una namba yake ya kipekee, ileile anayoiona mzazi kwenye SMS yake. Msomaji wa upande wa pili aiangalie kwanza namba hiyo kwenye jedwali lake kabla ya kuongeza salio. Akikuta ipo, aruke. Ukishakuwa na hilo, kutuma mara mbili hakukutishi tena, na ukiwa na shaka unatuma. Kama mnauza tiketi au mnasafirisha maji na hakuna namba ya namna hiyo, tengeneza ya kwenu mara tu tukio linapozaliwa, siyo wakati wa kutuma.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa zaidi, ambalo flush peke yake isingeliponya. Skripti yangu iliweka alama ya "imetumwa" mara baada ya produce. Hata ungeongeza flush, bado kuna mwanya: umeme unakatika kati ya kutuma na kuandika alama, au kati ya kuandika malipo na kuyatuma. Kanzidata na Kafka ni nyumba mbili zisizo na mlango wa pamoja. Huwezi kuandika kwenye zote kwa tendo moja lisilogawanyika.

Dawa yake ni ya zamani na inafanya kazi. Programu inayopokea malipo isiiguse Kafka kabisa. Iandike malipo kwenye jedwali lake na, ndani ya muamala uleule wa kanzidata, iandike mstari mmoja kwenye jedwali la pili la vitu vinavyosubiri kutoka, mfano wa trei ya barua za kwenda posta juu ya meza ya karani. Ama mistari yote miwili ipo, ama hakuna hata mmoja. Kisha skripti ya kutuma inasoma trei, inatuma, inakusanya risiti, na baada ya flush inaweka alama kwa yale tu yaliyomo kwenye orodha ya yaliyofika. Yaliyokwama yanabaki kwenye trei yakingoja mzunguko ujao. Umeme ukikatika popote katikati, hasara yako ni kurudia, na kurudia tumeshakutengenezea kinga.

Weka pia flock mbele ya amri kwenye cron, ili mzunguko mpya usianze wakati wa zamani bado unahangaika na mtandao. Skripti mbili zikisoma trei moja, mtatuma kila kitu mara mbili kwa saa nzima.

Mtandao wenyewe tuuzungumzie kwa uzito unaostahili huku kwetu. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ikiwa skripti ipo Dar es Salaam na seva za Kafka zipo ng'ambo, siku kama hiyo utaona kitu kimoja: ikiwa skripti haikutoka mapema kwa flush(30), librdkafka inajaribu ujumbe kwa dakika 5, kisha inakata tamaa na kuita funksheni yako ya risiti ikiwa na kosa. Dakika 5 zinatosha kwa seva kubadilishana uongozi. Hazitoshi kwa waya uliokatika chini ya bahari. Sitakushauri uongeze muda huo hadi saa nyingi, kwa sababu bafa ipo kwenye kumbukumbu na mashine ikizimika inakwenda nayo. Acha ujumbe urudi na kosa, ubaki kwenye trei, kwenye diski. Trei inaweza kungoja wiki.

Kuhusu ufunguo. Kafka inalinda mpangilio ndani ya partisheni moja tu, haiulindi kwenye mada nzima. Mzazi akilipa saa nne na malipo yakabatilishwa saa nne na dakika mbili, matukio hayo mawili yakienda kwenye partisheni tofauti, ubatilisho unaweza kusomwa kwanza. Jumbe zenye ufunguo mmoja huenda partisheni moja, kwa hiyo ufunguo uwe kile kitu ambacho mfuatano wake ni muhimu: akaunti ya mwanafunzi, namba ya gari, namba ya oda. Usitumie jina la shule, maana shule yenye wanafunzi wengi itaijaza partisheni moja huku nyingine zikikaa bure. Na msiongeze idadi ya partisheni kiholela katikati ya mwaka, kwa kuwa hesabu ya kupanga ufunguo inabadilika na akaunti moja inagawanyika kati ya partisheni ya jana na ya leo.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui mpaka liwaumize. Maktaba ya Java na librdkafka zinapiga hesabu hiyo kwa kanuni tofauti: Java hutumia murmur2, librdkafka huanza na CRC32. Kama huduma yenu kuu imeandikwa kwa Java na wewe unachangia kwenye mada ileile kwa Python, akaunti moja itakuwa na makazi mawili. Weka partitioner iwe murmur2_random upande wa Python, mtakubaliana.

Wanaotuma kutoka ndani ya tovuti wana shida zao. Usitengeneze mtumaji mpya kwa kila ombi; kufungua miunganisho na kuuliza ramani ya seva kunachukua muda mrefu kuliko kutuma kwenyewe. Mmoja kwa kila mchakato anatosha. Lakini atengenezwe baada ya mchakato kujigawa. Gunicorn na uWSGI zinaweza kupakia programu yako mara moja kisha kuzaa watoto, na ule uzi wa nyuma ya pazia haurithiwi. Mtoto anabaki na mtumaji anayepokea jumbe bila mtu wa kuzisafirisha, na hakuna kosa litakaloonekana mpaka bafa ijae. Kwa wenzetu wa PHP, ambako kila ombi linaanza upya na kufa, naona heri tovuti iandike kwenye trei tu, na skripti moja inayoishi muda mrefu ifanye kazi ya kutuma.

Anayeanza hukwama mahali pawili. Pa kwanza ni anwani. Skripti inaunganika na seva vizuri kabisa, halafu kila ujumbe unaisha muda. Sababu ni kwamba anwani uliyoandika ni ya kuulizia njia tu. Seva inakujibu kwa orodha ya anwani ambazo inataka utumie, zile zilizoandikwa kwenye advertised.listeners. Kafka ikiwa ndani ya kontena na imejitangaza kuwa ni localhost, skripti yako itajitafuta yenyewe. Rekebisha tangazo la seva. Ukihangaika na skripti utapoteza siku. Pa pili ni tahajia. Kafka hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na isipozuiliwa huunda mada yoyote inayotajwa. Ukiandika "Malipo" badala ya "malipo", risiti zote zitakuja nzuri, na jumbe zitakuwa zimekaa kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma. Zima auto.create.topics.enable kwenye seva za kazi.

Kuhusu kilichomo ndani ya ujumbe nitapita haraka. Namba ya simu iwe maandishi, la sivyo sifuri ya mbele itaanguka. Fedha ziwe namba nzima au maandishi, siyo desimali za kompyuta. Saa iandikwe kwa UTC au na +03:00 yake, maana "saa mbili" imeshatugombanisha vya kutosha. Picha na hati zilizoskaniwa zihifadhiwe kwingine na ujumbe ubebe anwani yake tu. Ukomo wa kawaida ni kama megabaiti moja. Na kabla ya kuweka jina, simu na shule ya mtoto, jiulize ni nani wote watakaolisoma daftari hilo kwa siku 7. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya kwake ya 2019, na taarifa ikishaandikwa Kafka huwezi kuifuta moja moja kama mstari wa kanzidata. Mara nyingi akaunti na kiasi vinatosha.

Mwisho, jaribio ninaloomba kila timu ilifanye kabla ya kukabidhi kazi, na linachukua alasiri moja. Tengeneza mada ya majaribio yenye nakala tatu. Weka mistari 10,000 kwenye trei, kila mmoja na namba yake ya muamala. Anzisha skripti, na ikiwa katikati, zima seva moja ya Kafka. Iwashe tena, kisha iue skripti yenyewe kwa kill -9, uiendeshe upya. Kata mtandao kwa dakika sita, uurudishe. Trei ikibaki tupu, soma mada yote kuanzia mwanzo na uhesabu namba za muamala za kipekee. Lazima ziwe 10,000 kamili. Jumla ya jumbe inaweza kuzidi kidogo, na huo ndio urudiaji ambao msomaji wako atauruka. Mhasibu awepo siku hiyo. Mwoneshe namba zote mbili, mweleze kwa nini ya pili ni kubwa, na mpe faili la kumbukumbu za skripti pamoja na namba ya simu ya aliye zamu.